Kiwanja cha Chuno: vyumba sita vya kupangisha vimegeuka vinne kwa ajili ya maegesho. Nifanyeje?

Mama Chuno aliandika:

Habari za jioni wakuu. Nina jambo linaninyima usingizi wiki ya pili sasa, na najua humu wamo mafundi, wapangaji, wenye nyumba na hata watu wa mipango miji. Naomba mnisikilize mpaka mwisho.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Mtwara mjini. Mwaka 2016 nilinunua kiwanja Chuno, mita 20 kwa 20. Wenye kumbukumbu wanakijua kipindi kile. Kelele za gesi asilia ya huku kwetu zilikuwa zimetulia, bomba la kwenda Dar lilishakamilika mwaka uliotangulia, wageni wengi walishafungasha, na watu waliokuwa wameng'ang'ania viwanja wakingoja bei ya dola wakaanza kuviachia. Nikakipata kwa milioni 8, nimelipa kwa awamu tatu, na hati ninayo.

Tangu hapo najichanga. Nia yangu ni vyumba sita vya masta, kila kimoja mita 4 kwa 6, humo humo choo na kona ya jiko. Mistari miwili inatazamana, vitatu huku na vitatu huku, katikati ua wa mita 5. Nyuma shimo la choo. Mbele kuna mwembe niliukuta, na nilimwambia mchoraji mapema kwamba huo asiuguse.

Wapangaji wangu nawajua hata kabla sijamwaga msingi. Ni manesi wa hospitali ya Ligula, walimu wapya wanaopangiwa huku, wanachuo, vijana wa bajaji waliooa juzi. Ndio hao wanaokuja dukani kwangu kupunguza suruali, wakiwa wanangoja wananiuliza, "Mama, hujui chumba kizuri cha elfu sabini?" Chumba cha masta chenye maji ndani kwa elfu sabini, si kile cha kupanga foleni ya bafu na familia nne, hapa mjini utakizunguka mpaka soli ya kiatu iishe.

Nikamlipa mchoraji, ramani ikapelekwa kuombewa kibali. Ikarudi. Pembeni imeandikwa kwa kalamu nyekundu: onesha maegesho, gari 1 kwa kila makazi.

Mchoraji akaja dukani, tukakaa kwenye benchi la nje, akafuta na kuchora mbele ya macho yangu. Gari moja, akasema, linataka upana wa mita 2.5 na urefu wa mita 5. Hapo ni pa kulala tu. Nyuma yake lazima pabaki uwazi wa mita kama 5 au 6 liweze kutoka kinyumenyume na kukata kona. Jumla gari moja linakula mita za mraba 25 na ushee. Chumba changu chote, na choo chake na jiko lake, ni mita za mraba 24. Yaani gari lililozimwa linataka ardhi kuliko mume, mke na mtoto wao mchanga.

Magari sita hayakuenea. Akajaribu vyumba vitano na magari matano, hayakuenea. Vyumba vinne na magari manne, ndipo karatasi ikatulia. Mwembe akaufuta kwa raba. Nilikuwa namwangalia mkono, nikajisikia kama ananifuta mimi.

Sasa hesabu yangu ya haraka haraka. Vyumba sita kwa 70,000 ni 420,000 kwa mwezi. Nikitaka nipate hiyo hiyo kwa vyumba vinne, kila mmoja alipe 105,000. Nesi anayeanza kazi, ana mdogo wake anamsomesha Newala, nitamwambia nini? Kwamba 35,000 ya juu ni ya gari ambalo hana?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba haya tulishayaona. Nilipokuwa nashona nyumbani Shangani, hapa hapa Mtwara, wakati wa gesi, nyumba ziliinuka pale zenye ukuta mrefu, geti la umeme, na uwanja mzima wa mbele umelazwa matofali ya kukanyagia ya magari matatu manne. Zilijengwa kuwangoja watu wa makampuni wenye magari makubwa. Watu wakaondoka. Wiki iliyopita nilipeleka sare kwenye nyumba moja ya hizo. Mlinzi ameanika korosho ghafi kwenye sehemu ya magari. Amezitandaza vizuri mpaka kwenye mstari mweupe unaotenganisha nafasi ya kwanza na ya pili, mstari wenyewe haujawahi kukanyagwa na tairi, rangi bado inang'aa. Ndani kuna vyumba vinne, wamekaa watu wawili. Mwenye nyumba hawezi kushusha kodi kwa sababu bado hajarudisha gharama za ujenzi, na yale matofali ya uwanjani yamo kwenye hizo gharama.

Maswali yangu ni haya. Kuna aliyewahi kuomba apunguziwe nafasi za magari akakubaliwa? Barua inaandikwaje? Na kuna kitu sijakielewa kwenye kanuni hii, au kweli inampandishia kodi mtu asiye na gari?

---

Mkazi wa Sinza alijibu:

Dada yangu, pole. Lakini niruhusu nikuambie upande wa pili, maana mimi naishi Dar na nyinyi wa Mtwara bado mna nafasi ya kutorudia yetu.

Mtaani kwangu kila mtu alijenga ukuta mpaka mwisho wa kiwanja, ndani vyumba, nje hakuna pa kuweka hata pikipiki. Baadaye wapangaji wakapata magari. Hukusema mwenyewe vijana wako wataendelea kuwa maskini milele, sivyo? Nesi wa leo baada ya miaka sita ana gari la IST. Sasa magari yanalala barabarani pande zote mbili. Mwaka juzi jirani yetu alishikwa na uchungu usiku wa saa nane, gari la wagonjwa likaishia kwenye kona kwa sababu kuna Noah mbili zimetazamana. Tulimbeba kwenye kiti cha plastiki, mita mia mbili na zaidi. Nilishika mguu mmoja wa kile kiti. Mtoto alizaliwa salama, namshukuru Mungu, ila sitasahau.

Ndiyo maana mimi naiona kanuni hii ni ya kiutu, hata kama ina maumivu.

---

Fundi Nondo alijibu:

Mama Chuno, nimejenga nyumba za kupangisha Magomeni na Likombe, hapa hapa Mtwara. Hesabu yako ya 105,000 umeipeleka mbali. Vyumba vinne vinakula saruji kidogo kuliko sita, kwa hiyo hutadai kodi ile ile. Weka hivi.

Kuna gharama ambazo hazijui idadi ya vyumba. Kiwanja milioni 8. Shimo milioni 3. Ukuta na geti milioni 5. Ramani, kuvuta umeme na maji, weka milioni 2. Hapo ni 18. Chumba cha masta cha mita 24, kwa ufundi wa kawaida, bati la kawaida, weka milioni 7 kila kimoja. Vyumba sita jumla yako ni milioni 60. Vyumba vinne ni 46, lakini uwanja wa magari lazima uuwekee kokoto na matofali ya kukanyagia, maana mchanga wetu huu gari linazama. Weka 2. Jumla 48.

Piga tena kutoka hapo.

---

Mama Chuno alijibu:

Fundi, ahsante sana, umenisahihisha kweli. Nimekaa na daftari usiku kucha.

Vyumba sita kwa 70,000 vinaniletea 5,040,000 kwa mwaka. Milioni 60 zinarudi kwa miaka 12 kasoro kidogo. Nikitaka zile 48 nazo zirudi kwa muda ule ule, kila chumba kati ya vile vinne kilipiwe 84,000. Kwa hiyo si 35,000 ya juu kama nilivyosema, ni 14,000.

Nilipoona hivyo moyo ulitulia kama dakika mbili. Halafu nikakumbuka huku watu wanalipa miezi sita kwa mkupuo. Elfu 14 mara sita ni 84,000, zaidi ya kodi ya mwezi mzima ya 70,000. Kwa kodi ile ya 70,000, mpangaji analipia miezi saba na ushee anakaa sita. Na huo mwezi wa saba analilipia gari lisilokuwepo. Tena hapo sijawahesabu watu wawili ambao vyumba vyao havijajengwa kabisa. Hao nao watatafuta kwingine, watagombania vile vichache vilivyopo, na dalali atawataka watu wazidishiane bei.

Kaka wa Sinza, habari ya yule mama kwenye kiti imenigusa, nimeisoma mara tatu. Sitaki kabisa mtaa wangu ufike huko. Ila naomba unifikirie jambo hili. Lile gari la wagonjwa lilizuiwa na magari yaliyoachwa barabarani. Waliolizuia ni wenye magari. Sasa mbona dawa anapewa asiye na gari ainywe?

---

Nesi wa zamu alijibu:

Shikamoo mama. Mimi ni miongoni mwa hao uliowataja, nipo hapa Ligula mwaka wa tatu. Ninapokaa sasa ni nyumba ile ile ya aina ya Shangani unayoisema, tumeingia wanne tukachanga, kwa sababu mmoja mmoja hatuiwezi. Uwanja una nafasi ya magari matatu. Tunaanikia sare.

Usiku nikitoka zamu saa mbili napanda bajaji mpaka getini, nashuka, inaondoka. Gari langu ndilo hilo, na halilali kwangu. Nikiambiwa nichague kati ya nafasi ya gari na bomba lisilokatika maji, sihitaji hata kufikiri.

Ukijenga hivyo sita, niandikie jina kwenye kimoja tafadhali.

---

Mtoto wa Mtanda alijibu:

Salamu kutoka Minneapolis, Marekani. Mimi mzaliwa wa Lindi, Mtanda, huku ni mwaka wa tisa. Mada hii imenishtua kwa sababu mji ninaokaa uligombana juu ya jambo hili hili miaka mingi.

Kanuni ya gari moja kwa kila makazi haikuanzia kwetu. Mji wa Oakland, California, uliiweka mwaka 1961 kwa majengo ya kupangisha. Kabla ya hapo mwenye kujenga aliamua mwenyewe. Walipokuja kupima kilichotokea, gharama ya kujenga kila makazi ilikuwa imepanda asilimia 18, na idadi ya makazi katika eneo lile lile la ardhi imeshuka asilimia 30. Mama, linganisha na daftari lako: kutoka sita kwenda vinne ni theluthi moja imekwenda, na kodi kutoka 70,000 kwenda 84,000 ni asilimia 20. Wewe na Oakland hamjawahi kuonana, lakini mita za mraba ni zile zile.

Aliyeifanya habari hiyo ijulikane sana ni profesa Donald Shoup wa Los Angeles, amefariki Februari 2025. Sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi aliimalizia kwenye maegesho, akisema kwamba maegesho ya bure hayana ubure wowote, gharama imefichwa ndani ya kodi ya nyumba na bei ya vitu dukani. Mwaka 2017 watafiti wengine wawili, Gabbe na Pierce, walipiga hesabu wakakuta mpangaji wa mjini huko Marekani ambaye nyumba yake ina gereji analipia hiyo gereji kama dola 1,700 kwa mwaka ndani ya kodi, asilimia 17 hivi ya kodi yake. Wapo wanaolipa hivyo na hawana gari kabisa.

Mwaka huo huo wa 2017 Buffalo, jimbo la New York, ikaifuta kanuni hiyo mji mzima. Sisi Minneapolis tulianza kuipunguza 2015 karibu na njia za mabasi na treni, tukaifuta kabisa 2021. Kufutwa hakumaanishi maegesho yamepigwa marufuku. Mwenye kujenga anaamua mwenyewe kulingana na watu anaowajengea. Jengo ninalokaa, kodi ya chumba ni karatasi moja na kodi ya kuegesha ni karatasi nyingine. Mimi napanda basi, hiyo karatasi ya pili sijawahi kuiona ikija kwangu. Jirani yangu ana gari, anailipia kila mwezi, na hanung'uniki.

Kwa ndugu wa Sinza, woga wako ni wa haki, na jibu lake nadhani lipo Japani. Kule tangu sheria ya mwaka 1962, mtu anayetaka kusajili gari lazima athibitishe kwanza ana mahali pa kulilaza nje ya barabara, siku hizi umbali usiozidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Polisi wanaenda kupaangalia. Tokyo ina vichochoro vyembamba kuliko Kariakoo na hukuti gari limelala humo usiku. Mzigo wameuweka kwa mwenye gari.

Na mimi nikirudi Lindi likizo, nikisikia mazungumzo ya mradi wa gesi wa Likong'o, pale pale Lindi, yanavyopanda na kushuka, huwa nawaza yale ya Shangani. Wakija wageni tena tutajenga tena viwanja vya magari badala ya vyumba?

---

Mchora Mji Mstaafu alijibu:

Nimefanya kazi ya mipango miji kwa zaidi ya miaka thelathini, sasa nimepumzika Mikindani. Binti yangu Mama Chuno, nitakueleza kwanza kwa nini ulijibiwa vile, halafu cha kufanya.

Nchi yetu ina Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007, na chini yake kuna kanuni za viwango, zikiwemo za mwaka 2018. Viwango vinamsaidia afisa mwenye ramani hamsini mezani. Anaangalia: umbali wa jengo na mpaka upo? Shimo lipo? Magari yapo? Anaweka alama. Hakukuchukia. Tatizo la kiwango cha magari ni kwamba hakimuulizi mtu atakayekaa mle ana kipato gani, wala barabara ya mbele ina upana gani. Nimekaa vikao vingi. Sikumbuki hata kimoja ambapo mtu aliinua mkono akauliza kodi ya chumba itakuwa kiasi gani tukiongeza nafasi moja ya gari. Na mimi sikuuliza. Hilo naliona leo, nikisoma daftari lako.

Mtwara mjini tuna bahati ambayo Dar hawana. Mji huu ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, na waliouchora walitegemea mji mkubwa sana. Karanga zikashindwa, reli ya kwenda Nachingwea ikang'olewa, lakini upana wa barabara ukabaki. Tazameni barabara zetu nyingi za katikati ya mji na mzilinganishe na za Sinza. Nafasi ya gari la mgeni kusimama saa mbili ipo tayari, ililipiwa na vizazi vilivyopita. Kwa upande mwingine, hapa Mikindani ninapokaa, mitaa ya zamani yenye nyumba za mawe ina upana wa punda na mizigo yake. Hakuna nyumba hata moja ya kale hapa ingepewa kibali kwa kiwango cha gari moja kwa makazi. Na ndipo watalii wanapokuja kupiga picha, wakisema mji mzuri.

Malori ni habari nyingine. Msimu wa korosho ukiingia, na malori ya saruji yakiwepo, hayo ndiyo yanayotaka maegesho ya kupangwa kwa nguvu zote, nje ya makazi. Nguvu ya kanuni ingeelekezwa huko ningeiunga mkono kwa mikono miwili.

Sasa kiwanja chako. Nimekichora hapa kwa penseli. Mistari yako miwili ya vyumba ina kina cha mita 6 kila mmoja, ua katikati mita 5, ukiacha mita 1.5 kila ubavu unapata 20 kamili. Urefu wa vyumba vitatu ni mita 12. Zinabaki 8 za mbele na nyuma. Acha 5 nyuma kwa shimo na kamba za nguo, 3 mbele. Usiweke magari kwa kuyaelekeza vichwa ndani, hapo ndipo mchoraji wako alipokwama. Yalaze ubavu, sambamba na barabara. Gari la kulala ubavu linataka mita 2.5 kwa 6, na kwa kutoka linatumia geti. Geti la mita 4 weka katikati, lielekee uani. Kila upande wa geti unabaki na mita 8. Upande mmoja laza gari moja, na mita 2 zinazobaki ezeka kibanda cha bodaboda. Upande wa pili mwembe wako. Gari la pili linaweza kulala mwisho wa ule ua wa mita 5, kwa nyuma. Gari la kunyonya shimo likija, hilo linasogezwa kwa nusu saa.

Vyumba sita, magari mawili, pikipiki nne, mti mmoja. Na gari la wagonjwa likija linaingia mpaka mlangoni, ndugu wa Sinza, kwa kuwa ua ni mita 5 na haujazibwa na magari manne.

Barua iwe ukurasa mmoja. Eleza unaomba kiwango cha maegesho kipunguzwe kutoka 6 hadi 2. Ambatanisha mchoro huo mpya, nakala ya hati, picha mbili za barabara ya mbele ukiwa umeipima upana kwa futi kamba ionekane kwenye picha, na barua ya mwenyekiti wa mtaa kwamba majirani hawana pingamizi. Daftari lako la hesabu lichape uliweke mwisho. Nilishaona maombi ya namna hii yakikubaliwa, na nilishaona yakikataliwa. Yaliyokubaliwa yalikuwa na jibu la wazi juu ya gari la wagonjwa, la zimamoto na la maji taka. Anza na hayo, habari ya kodi ifuate.

---

Mkazi wa Sinza alijibu:

Mzee shikamoo. Hapo nimeridhika. Ua wa mita 5 ulio wazi ni bora kuliko magari manne yaliyobanana mbele ya mlango. Na hiyo ya Japani ningependa ianze mtaani kwangu hata kesho. Dada, nakutakia heri.

---

Mama Chuno alijibu:

Shikamoo mzee wangu. Sina maneno. Nimesoma jibu lako dukani, mteja akadhani nimefiwa.

Leo asubuhi sikufungua duka. Nimekwenda Chuno na mchoraji, na kijana wangu wa kidato cha pili akishika upande mmoja wa futi kamba. Barabara ya mbele, kutoka mpaka wangu hadi mpaka wa jirani wa ng'ambo, ni mita 12 na sentimita 40. Tumepiga picha, namba inasomeka. Shina la mwembe liko mita 1 na sentimita 80 kutoka mpaka wa barabara, na mita 3 kutoka ukuta wa ubavuni. Kwa hiyo unaingia kwenye zile mita 8 bila kuguswa, mizizi nayo iko mbali na shimo.

Mwenyekiti wa mtaa amesema barua atanipa Ijumaa baada ya swala. Jirani wa kushoto amekubali papo hapo. Jirani wa kulia ana wasiwasi na bodaboda, anasema zitapiga kelele alfajiri. Nimemwahidi kibanda cha pikipiki kitakuwa upande ambao hauko kwake, mchoraji amekihamisha pale pale tukiwa tumesimama juani.

Nesi wangu, jina lako nimeliandika. Chumba cha pili mkono wa kushoto, ambacho dirisha lake linaelekea mwembe kwa mbali. Ramani mpya inakwenda Jumatatu, na ikirudi, kwa kalamu ya rangi yoyote, nitaleta jibu hapa hapa.